Mkebe wa Mafundo ya Mama

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na miaka imepita. Mtu aliyeishia darasa la sita hana budi kujiuliza kama hasira yake inajua inachosema. Kwa hiyo nitajaribu kumweka kila mtu mahali pake, hata wale nisiotaka kuwaona.

Mama yangu hajui kusoma. Kule Uvira, Kongo, alikuwa akishona, na futi hakuwa nayo; alipima watu kwa uzi. Anakuzungushia kifuani, anapiga fundo moja. Kiunoni, mawili. Urefu wa gauni, matatu. Mwisho wa uzi anashonea kipande kidogo cha kitenge chako ili ajue ni wa nani. Alipokuja kuishi nasi Johannesburg nilikuwa na duka dogo Malvern, kwenye Jules Street, cherehani mbili na meza moja. Futi nilikuwa nayo. Lakini gauni nililokata kwa futi lilirudi kurekebishwa, na lililokatwa kwa uzi wa Mama halikurudi. Ni kweli, ingawa inaniuma kuiandika. Basi Mama akawa ndiye anayepima wanawake, na nyuzi zake zikakaa kwenye mkebe wa maziwa ya unga, juu ya rafu.

Mwaka wa 2017 kanisa letu likanipa kazi ya sare za kwaya. Ni kanisa la Wakongomani. Tunasali ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi huko Marshalltown. Mmoja wa waimbaji alikuwa dada mmoja msusi, mtu mpole, aliyekuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili ndani ya miaka miwili. Nalisema hili mapema kwa sababu bila hili utamchukia, nami sitaki umchukie upesi.

Alikuja kujaribu sare yake Mama akiwa ametoka kununua mboga. Akainua mkono nimwekee pini kwapani, kiwiko kikaangusha mkebe. Akainama kuokota. Akakuta kipande cha kitenge alichoshonewa mwaka wa harusi yake, kimeshonewa kwenye uzi wenye mafundo.

"Hiki nini?"

"Kipimo chako. Mama ndiye anaye..."

"Kipimo?" Akashika tumbo. "Mmenifunga? Miaka miwili mmenifunga humu, ndani ya kopo?"

Ningemketisha, ningemwonyesha uzi wa mke wangu mwenyewe, yangeisha. Mimi nikamwambia, "Dada, chunga mdomo wako." Akatoka mbio na pini zangu mwilini.

Siku ya pili wakaja wazee wawili wa kanisa. Aliyezungumza ni yule mkubwa, mtu wa sauti ya upole.

"Ndugu, sisi hatusemi mama yako ni mchawi. Tunasema kuna roho inamtumia. Jumapili aje mbele, aungame, aombewe. Asipoungama, asipande tena ngazi zile."

Nilimwangalia Mama. Mji mzima huu, watu wanaomsalimu kwa lugha ya kwao wako kwenye ghorofa ile tu. Siku nyingine zote ni mimi, rafu, na magari ya Jules Street.

"Niungame nini?" akauliza Mama.

"Mungu ndiye anajua, mama."

"Basi aungame yeye."

Wiki hiyohiyo binti yangu alikuwa na kazi ya shule. Mwalimu aliweka vikaratasi kwenye kofia, kila mtoto akachota viwili. Wangu akapata viumbe wa hadithi za watu wa Kaskazini, kule Norwe, na sheria za kila siku za Babeli ya kale. Alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri lakini kwake ni kama kiatu cha mtu mwingine. Alikaa mezani kwangu na kitabu cha maktaba.

"Papa, sikia hii. Huko Babeli, ukisema mtu ni mchawi na hauna ushahidi, yeye anaenda mtoni. Mto ukimchukua, wewe unapata nyumba yake. Mto ukimwacha, wewe ndio wanakuua, na yeye anapata nyumba yako."

Nilimtaka aisome mara tatu. Niliipenda sheria ile kuliko inavyompasa Mkristo. Kanisani kwetu Babeli ni jina la kila uchafu. Kumbe wale watu walijua kwamba anayefungua kinywa kumshitaki mwenzake naye aweke shingo yake rehani. Wazee wetu waliweka nini? Walikuja, wakanywa chai yangu, wakaenda.

"Mto gani?" Mama akacheka, akichambua mchicha. "Huu wenu wa hapa? Haufiki magotini. Wangenitupa ziwani kwetu ningeogelea hadi ng'ambo, niwaulize wanataka nini tena."

"Gogo, usicheke!" Ndivyo watoto wa hapa wanavyomwita bibi.

"Mimi si gogo la mti. Endelea kusoma."

Akasoma habari za majitu yanayogeuka mawe jua likiyapiga, kisha kijitu kifupi kinachoitwa nisse, kinacholinda zizi la mwenye shamba. Kila Krismasi kinawekewa uji wenye siagi juu. Mwaka mmoja kikaona uji hauna siagi. Kwa hasira kikaenda zizini kikaua ng'ombe. Kikarudi kula, na chini kabisa ya bakuli kikaikuta siagi. Ilikuwa imewekwa chini. Ndipo kikatembea hadi shamba la mbali, kikatafuta ng'ombe anayefanana na yule, kikamleta mahali pake.

"Kamlipa," Mama akasema. "Huyo ana adabu."

Sasa jambo ambalo ningependa kuliruka. Jumatano Mama alipokwenda kulala mchana, nilishusha mkebe nikatafuta humo kipande cha shati langu. Nilipekua uzi kwa uzi. Hakikuwamo, Mama hapimi wanaume. Nikashusha pumzi. Kisha nikaogopa ile pumzi. Babeli wangenifanya nini mimi, sijui. Sikumshitaki mtu kwa mdomo.

Jumapili nilipanda zile ngazi na Mama, mkebe mkononi na futi shingoni. Nikawaambia wazee: kabla ya Mama kuungama, nyuzi zake zipimwe. Babeli walikuwa na mto, sisi tuna futi. Mzee mkubwa akasema nisilete Babeli madhabahuni, lakini kwaya ilishaanza kusimama kupimwa.

Mama akatoa nyuzi tano. Kila uzi alipapasa kipande, akamtaja mwenyewe, nami nikalaza uzi juu ya futi, nikasoma, kisha nikampima yule mwanamke mbele ya watu. Wa kwanza sawa. Wa pili sawa, wa tatu, wa nne. Wa tano kiuno kilizidi vidole vitatu.

"Huyo amekula," Mama akasema. Kanisa zima likacheka, na yule mwanamke akacheka kuliko wote. Nikadhani tumeshinda.

"Bwana asifiwe," akasema mzee. "Tumeona ni kazi ya mikono. Sasa mama apige magoti tumwombee tu. Maombi hayaharibu kitu."

"Apige magoti kwa kosa gani?" Sauti yangu ilipasuka.

"Ndugu, shusha sauti kidogo."

"Kwa kosa gani, mzee?"

Mama alikuwa akimwangalia yule dada msusi, aliyekuwa analia kwenye benchi la kwaya. "Kwa ajili ya mtoto huyu," akasema taratibu. "Siyo kwa ajili yenu." Akapiga magoti. Wakamwekea mikono kichwani wakapiga kelele "Toka! Toka!" hadi kilemba kikaanguka. Nilisimama na futi shingoni kama ng'ombe aliyefungwa kamba.

Niwe mwenye haki: pale kanisani kulikuwa na watu waliotaka afukuzwe kabisa, na labda mzee aliona magoti ndiyo bei ya chini. Nimeligeuza hilo mara nyingi. Kila nikiligeuza nakiona kile kilemba chini.

Jumatatu Mama alikaa dukani akafungua mafundo yote. Yaliyokaza aliyafungua kwa meno. Uzi akauzungusha kwenye kipande cha mbao, mkebe akauosha, akaweka chumvi.

Yule dada alikuja siku hizo na mfuko wa dagaa kutoka soko la Yeoville. Akapiga magoti mlangoni, akamwomba Mama ampime tena kwa uzi.

"Nimekusamehe, mwanangu. Inuka. Huyu atakupima."

Nikampima kwa futi. Sare ilimbana kwapani, na hakuirudisha.

Baadaye mzee mkubwa akaleta kitambaa cha suti, kizuri, cha kijivu. Nikakisukuma kikarudi upande wake wa meza.

"Kwa nini, ndugu? Si yaliisha?"

"Niletee kwanza ng'ombe," nikamwambia.

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. Sikumweleza habari za nisse. Mama alikuwa nyuma yangu akishona vifungo, hakuinua uso.