Mama wa Kila Ijumaa

Kwa mwaka na ushei nilikuwa televisheni ya watu. Sisemi nilifanya kazi kwenye televisheni. Nilikuwa televisheni yenyewe, mimi na kompyuta moja iliyokuwa ikipata joto kama pasi, kwenye kibanda changu ghorofa ya pili ya jengo la maduka ya jumla pale Xiaobei, Guangzhou, China. Watazamaji wangu walikuwa wanajeshi wa kwetu waliopelekwa kulinda amani kwenye nchi moja ya jangwani.

Mdogo wangu ndiye aliyenitia kwenye kazi hiyo. Alikuwa koplo huko. Kazi yangu hasa Guangzhou ilikuwa kuwatafutia watu bidhaa na kusimamia kago, na televisheni za bwalo lao zilinunuliwa kupitia kwangu. Zilipofika kambini wakakuta dishi linashika Kiarabu na Kifaransa tu. Mdogo wangu akajigamba mbele ya wenzake kwamba dada yake hashindwi kitu. Haukupita muda sajini wa ustawi akanipigia simu, akaniuliza kama ningeweza kuwatengenezea vipindi vya Kiswahili kwenye diski, vya wiki nzima, kila wiki. Nilikuwa sijui hata kukata picha. Nikasema naweza, kwa sababu nilikuwa nimeshasifiwa na sikutaka kumwaibisha mdogo wangu.

Mambo yalikwenda hivi. Ndugu za wanajeshi walirekodi televisheni ya nyumbani kwenye kanda, kanda wakawapa wafanyabiashara waliokuwa wanakuja China kununua mzigo. Zilinifikia kwenye mabegi, zimeviringishwa ndani ya nguo, nyingine zikinuka dagaa. Mimi nazipanga kwa siku, nazipakia kwenye diski, diski zinaondoka na kago kupitia Dubai. Taarifa ya habari ya Jumatatu ilikuwa imeshachacha wiki mbili ilipofika kule, lakini sajini alisema bwalo lilikuwa linajaa na watu wanabishana nayo kama ya leo. Jumanne ilikuwa taarabu. Jumatano mpira, na watani wa jadi wakicheza nilikuwa napigiwa simu mapema ili nisithubutu kutaja matokeo. Alhamisi maigizo, Jumamosi dansi, Jumapili kwaya asubuhi na vichekesho jioni.

Sajini alinipa masharti mawili. La kwanza, nisikate matangazo ya biashara, kwani vijana waliyapenda kuliko vipindi. Tangazo la sabuni lilikuwa linawakumbusha harufu ya nyumbani. La pili, nitoe vifo. Matangazo ya tanzia, ajali za mabasi, misiba ya wakubwa, vyote nje. Alisema wao huko wanaona vya kutosha. Basi nikawa fundi wa kutoa vifo. Niliweza kukata ajali katikati ya taarifa ya habari na msomaji akaonekana anaruka tu kutoka bungeni hadi kwenye hali ya hewa.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku kubwa. Ilianza kwa kaswida, kisha Salamu za Nyumbani. Kijana mmoja mwenye kamera alizunguka kwenye nyumba za wanajeshi na kuwarekodi wazazi, wake na watoto. Watu wazima ambao barazani wanakuchekesha mpaka unashika mbavu, ukiwawekea kamera wanageuka barua. Sisi wazima, hofu ni kwako. Dhumuni la salamu hizi ni kukujulia hali. Wanasema hivyo macho yameganda, mikono magotini. Nilikuwa nacheka peke yangu kibandani, na laoban, yaani mwenye kibanda cha jirani, mama wa Kichina aliyeuza chaja, anachungulia na kuniuliza kama nimekula. Ndiyo salamu yao.

Kanda ya mama yetu ilikuja kutoka Tanga, mikononi mwa mwanamke wa Dar es Salaam aliyekuwa ananunua nguo soko la Shisanhang. Hatukuwa na undugu, ila nilimwita shangazi na yeye aliniona mtoto wake. Mama alikaa kwenye mkeka uani amejifunga kanga ya kijani, na yeye hakugeuka barua. Aliongea na kamera kana kwamba ni mwanawe kaketi pale anakunywa uji. Alimweleza mabati mapya ya jikoni, mbuzi wa jirani aliyemaliza mchicha wote na mwenye mbuzi asiyejua hata kusema pole, na binamu yetu aliyeposwa na mtu mfupi. Aliongea mpaka kijana wa kamera akasikika anacheka. Mwishoni akakohoa, kikohozi kirefu kilichomfanya ashike kifua, kisha akasema maneno machache yaliyonihusu mimi.

Nilikasirika. Nilikasirikia kile kikohozi, na watu wa nyumbani walionificha, na mama mwenyewe kwa kuanika mambo yangu mbele ya kambi nzima. Nikakata kuanzia kikohozi hadi mwisho. Iliyobaki nikaipeleka nusu tu, mabati na mbuzi, nikiwaza kwamba posa ya binamu itafaa siku nyingine.

Diski hiyo ilikuwa bado njiani nilipowaona shangazi na mwanafunzi mmoja wa kwetu, aliyekuwa anatusalisha, wanapanda ngazi kuja kibandani. Walikuja wawili, wamevaa vizuri, mchana wa siku ya kazi. Niliwapa viti wakasema mimi ndiye nikae. Niliwapa maji wakayashika bila kunywa. Shangazi akainuka akashusha shata la kibanda changu kwa mkono wake mwenyewe. Hapo nilijua. Kwetu msiba hauletwi kwa simu kwa mtu aliye mbali. Huletwa na watu, wakukalishe, wakushike. Mama alikuwa ameshazikwa siku mbili nyuma. Nililia nikiwa nimelalia maboksi ya chaja ambayo jirani alikuwa ameniwekea, na siku hiyo sikumkumbuka mdogo wangu hata kidogo.

Shangazi ndiye aliyemtaja. Baba mkubwa alikuwa amemwagiza neno la pili, nalo alilisema polepole: mtoto hajaambiwa, na asiambiwe mpaka arudi likizo.

"Yuko peke yake na bunduki," shangazi alisema. "Baba yenu mkubwa anasema Ijumaa iende kama kawaida."

Nilimuuliza iende vipi na mama hayupo. Akanijibu kwamba kanda ninayo.

Nilikuwa nayo. Kwa hiyo kila wiki nikamkata mama vipande. Ijumaa moja posa ya binamu. Ijumaa nyingine nikampa pale alipokuwa anamfukuza kuku na kurudi kukaa. Nikamchukua akicheka, nikamwekea kicheko kabla ya salamu, ikawa kama anacheka kwa furaha ya kumwona mwanawe. Nilikuwa natoa kifo kwenye kanda kama nilivyoagizwa na sajini, ila hiki hakikuwa na mahali pa kukatia. Kilikuwa kwenye kila kipande. Kuna siku niliogopa kwamba kanga itanisaliti, maana ni mama gani anavaa kanga ileile kila wiki. Nikajaribu kuibadilisha rangi kwenye kompyuta. Kanga ikawa ya zambarau na mama naye akawa wa zambarau, mikono, uso, meno. Nilicheka kwa sauti, kisha nikajichukia kwa kucheka. Nikamrudishia kijani chake.

Kila Jumapili mdogo wangu alipiga simu. Kambini walikuwa na simu moja na foleni nyuma yake, kwa hiyo maongezi yetu yalikuwa mafupi. Kila mara alisema amemwona mama, anaonekana hajambo. Mimi namjibu ndiyo, hajambo. Kisha ananiuliza kama nimekula. Hakuwa na tabia hiyo zamani, na iliniudhi. Nilimjibu mkato kwamba nimeshiba, wakati tangu siku ile nilikuwa naishi kwa chai na biskuti. Nilijisemea kwamba kati ya Wachina na mdogo wangu nitaulizwa habari za chakula mpaka niingie kaburini. Kuhusu kanga hakuniambia lolote. Nilimshukuru Mungu kwamba wanaume hawatazami kanga.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilimwonea huruma kwa jambo ambalo sikuweza kulilia naye. Nilijiona napanga maisha ya mtu mzima, namchagulia ajue nini siku gani. Nikilala namwona ameketi bwalo lile, anatabasamu kwa mama ambaye mimi namjua yuko wapi.

Wakati mwingine kambi nayo ilirekodi salamu zake za kuwapelekea watu wa nyumbani, na kanda zilipitia kwangu ili nizinakili. Moja ikaja na kago iliyorudi kutoka Dubai. Niliiweka asubuhi huku nahudumia wateja. Wanajeshi wakapita mmoja mmoja mbele ya kamera, wao nao wamegeuka barua. Kisha nadhani aliyeshika kamera alitaka kuonyesha bwalo lilivyopendeza, kwa sababu aliingia nayo ndani ikiwa inarekodi. Nikaziona zile televisheni nilizozinunua mwenyewe. Nikamwona mama ndani yake, anamfukuza kuku.

Hakuna aliyecheka. Bwalo zima lilikuwa kimya na viti vilikuwa tupu, kwa sababu watu walikuwa wamesimama. Wengine wameshika kofia mikononi. Wengine wamefungua viganja mbele ya nyuso zao na midomo inatembea. Mdogo wangu alikuwa mbele kabisa, karibu na kioo, viganja wazi. Kipande cha mama kilipokwisha, likafuata tangazo la sabuni, naye akajipangusa uso kwa mikono yote miwili kama mtu aliyemaliza Fatiha. Mwenzake akamshika bega. Wakakaa.

Niliirudisha kanda nyuma nikaitazama tena, maana sikuyaamini macho yangu. Mteja wangu, Mkongo aliyekuwa anasubiri bei ya jenereta, aliniuliza kuna nini. Nikamwambia arudi kesho. Sikujua kama nilikuwa na hasira au nilikuwa nimetua mzigo. Nafikiri vyote viwili.

Jumapili hiyo sikumngoja aniulize habari za chakula. Nilimwambia nimemwona bwaloni. Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku ya mazishi, dada. Mke wangu alimpigia kamanda."

Nikamuuliza basi mbona aliniacha nihangaike wiki zote hizo. Sauti yangu ilipanda mpaka jirani wa chaja akasogea. Mdogo wangu akanieleza taratibu. Alipomwona mama tena na kanga ileile ya kijani, alijua nimeagizwa nimfiche, akataka kuniambia. Alishindwa kwa sababu moja.

"Ningekwambia najua," alisema, "ungeacha kumleta."

Foleni ikamhimiza akakata simu. Nilibaki na simu sikioni. Wiki zile zote nilikuwa nikidhani nambeba yeye, kumbe yeye na kambi nzima walikuwa wananisubiri kila Ijumaa nimlete mama wamwombee.

Wiki hiyo sikukata kitu. Nilipakia kanda ya mama yote, mwanzo hadi mwisho, mabati, mbuzi, posa, kuku, na kikohozi. Na baada ya kikohozi yale maneno yangu. Mama anashika kifua, anavuta pumzi, anaisogelea kamera mpaka uso unajaa kioo kizima.

"Wewe una wenzako," anasema. "Dada yako yuko peke yake huko kwa Wachina, na akiwa na uchungu yule hali. Kila ukiongea naye muulize kama amekula."

Diski ikaenda. Sajini hakusema lolote kuhusu sharti lake la vifo. Jumapili baada ya Ijumaa hiyo simu ililia mapema kuliko kawaida, na mdogo wangu hakusema hajambo wala hujambo. Nilijua amesikia, na nilijua anawaza ninachowaza mimi, kwamba alikuwa ameifanya kazi ile ya mama wiki zote bila kutumwa.

"Umekula, dada?"

Nikafungua mdomo kusema nimeshiba. Nikasema sijala tangu jana.

Akaniambia niende nikale, atangoja. Nikamkumbusha foleni. Nikasikia anageuka na kuwaambia wenzake kitu, kisha akaniambia niende tu. Nikashuka ngazi na simu sikioni, nikaingia kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu wa kaskazini pale mtaa wa Dengfeng, nikaagiza bakuli la nyama. Mvuke ulinipiga usoni. Tulikaa hivyo, mimi nakula na kulia, yeye ananisikiliza ninavyotafuna, na nyuma yake foleni nzima ya wanajeshi imenyamaza.