Waambie Wafunge

Benchi letu lilikuwa mali ya kanisa. Kila Jumamosi mchana tuliliazima, tukalibeba mabegani hadi uwanjani, na jioni tukalirudisha, kwa sababu kesho yake waumini walilihitaji. Timu ilikuwa ya Gikondo, mtaa wa Kigali, ya daraja la chini, na wachezaji wengi walikuwa mafundi wa gereji. Mshambuliaji wetu alikuwa mpaka rangi wa magari. Ukitaka kujua wiki hiyo amepaka gari la rangi gani, ulitazama kucha zake.

Mimi nilikuwa kocha msaidizi. Watu hudhani kocha msaidizi ni kocha mkuu aliyepunguzwa kimo. Si hivyo. Kocha mkuu ni mdomo, msaidizi ni masikio. Mchezaji aliyegombana na mkewe hamwambii kocha mkuu, anakuambia wewe, huku mnakusanya koni. Wewe ndiye unayejua nani anaumwa kifundo na anaficha, na nani amekula sahani mbili za ugali kabla ya mechi na anaficha zaidi. Ukiyajua hayo yote kwa muda mrefu, unaanza kuamini kwamba unajua kuliko kocha. Ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Kocha mkuu alitoka Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kirefu na kitamu, na Kinyarwanda chake kiliishia kwenye salamu. Wachezaji wetu walizungumza Kiswahili cha Kigali, ambamo neno "iko" linafanya kazi ya maneno kumi. Siku ya kwanza aliwakusanya akawaambia, "Vijana wangu, mpira hauna hiyana. Ukiutendea wema, nao utakutendea wema."

Golikipa akanigeukia. "Mzee, kocha iko sema nini?"

Nikamwambia kwa Kinyarwanda, "Anasema mkimbie raundi tano."

Wakakimbia. Kocha akawatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Wana moyo hawa," akasema. "Maneno kidogo tu, tayari wamewaka."

Basi kazi ya kutafsiri ikawa yangu. Mimi nimekulia Bujumbura. Kiswahili nilikiokota mitaani huko, nikakinyoosha shule ya sekondari, na Kinyarwanda ni cha nyumbani. Kati ya mdomo wa kocha na miguu ya wachezaji nilisimama mimi. Mwanzoni nilitafsiri vizuri. Kisha nikaanza kurekebisha. Akisema wakimbie polepole, nami nikaona wavivu, nilisema wakimbie kwa nguvu. Hakuna aliyelalamika, maana aliyeweza kugundua alikuwa mimi mwenyewe.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Sare ilitutosha kubaki darajani. Tukifungwa tunashuka, na kamati ilikwisha kumwambia kocha kwamba timu ikishuka, naye aondoke. Wiki nzima tulibishana.

"Mwalimu, sare inatosha. Tukae nyuma, tulinde," nilimwambia.

"Msaidizi wangu, anayelinda sifuri analinda nini? Tupate bao moja, roho zitulie."

"Tukienda mbele tutaacha nyuma wazi."

"Na tukikaa nyuma watatukalia vichwani."

Kufika Ijumaa sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Nusu alikuwa amewapigia kelele wachezaji, nusu mimi. Siku ya mechi alikaa kwenye benchi la kanisa na kitambaa shingoni, akinywa chai ya tangawizi, kimya kama mtu aliyekuja ibadani.

Zilipobaki dakika kumi, matokeo yalikuwa bila kwa bila. Akanivuta mkono wa shati, akaninong'oneza sikioni, "Waambie wafunge."

Sasa nieleze vizuri. Kwa mtu wa Tanga aliyekaa uwanjani, kufunga ni kupata bao. Kwa Kinyarwanda, gufunga ni kufunga mlango. Nilizijua maana zote mbili. Naandika hili wazi, kwa kuwa kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Ningeweza kupiga kelele "Mutsinde!" na kila mtu angejua kwamba anatakiwa kufunga bao. Niliposikia lile neno, nilihisi kama mtu aliyekuta mlango wa jirani haujafungwa.

Nikasimama nikapaza sauti, "Mufunge!" Na ili pasiwe na shaka, nikakutanisha viganja vyangu viwili mbele ya kifua, kama mbao mbili za dirisha.

Wote wakarudi nyuma. Hata mpaka rangi alikwenda kusimama kando ya mlingoti wa goli letu, kama anasubiri mteja.

Kocha akanivuta tena shati. "Mbona wanarudi?"

"Wanavuta nguvu, Mwalimu."

Dakika chache baadaye ikapigwa krosi, watu wakarundikana, mpira ukamgonga beki wetu makalioni ukaingia wavuni. Hivyo ndivyo tulivyoshuka daraja.

Kamati ilikutana Jumatatu nyuma ya duka la vipuri la mwenyekiti. Nilikaa bega kwa bega na kocha ili nimtafsirie, lakini mwenyekiti aliamua kutumia Kiswahili chake mwenyewe.

"Kocha, ni wewe uliambia bachezaji bafunge?"

Sauti ya kocha ilikuwa imerudi. Akakaa wima. "Ndiyo, mwenyekiti. Nilisema wafunge, na hata leo ningesema vilevile."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akasema kwa Kinyarwanda, "Hata hajuti."

Kocha akaniuliza kwa chini, "Amesemaje?"

"Amesema umejibu kwa ujasiri."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Lilikuwa jambo la sentensi moja. Nilitazama springi za magari zilizopangwa ukutani, nikazihesabu kutoka kushoto, nilipomaliza nikazihesabu tena kutoka kulia, na nilipofika mwisho kocha alikuwa amekwisha kufukuzwa. Aliwashika mikono wote. Mimi aliniambia, "Uwaangalie vijana, msaidizi wangu."

Nikafanywa kocha mkuu. Msimu uliofuata tulishinda mechi tatu. Wachezaji walinielewa kila neno, na bado walifanya walivyotaka.

Baadaye nilisikia kwamba hakurudi Tanga. Alipata shamba la maharage huko Gahanga, na kila Jumapili alifundisha timu ya wazee, watu wa vitambi na mabandeji ya goti. Kutoka kwangu Niboye hadi Gahanga si mbali. Ilinichukua miaka tisa.

Nilimkuta kando ya uwanja, nywele nyeupe, akiwapigia kelele wazee wenzetu. "Mutsinde!" alisema. "Mutsinde!" Kinyarwanda safi, lafudhi ya Tanga. Mtu aliyejua neno hilo alijua na lile lingine.

Nilimwambia yote hata hivyo, nimesimama, kofia mkononi. Alinisikiliza huku macho yakiwa kwenye mpira.

"Nilijua mwaka wa pili baada ya kufukuzwa," akasema. "Mama mwenye nyumba aliniambia, 'Funga urugi,' yaani mlango. Nikabaki nimeshika kitasa, nikakuona wewe na ile mikono yako."

"Mbona hukunitafuta, Mwalimu?"

"Nilikuwa nakusubiri uje useme mwenyewe. Nilikadiria wiki mbili." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lile la uwanjani nilikusamehe siku hiyohiyo niliyojua. Neno lilikuwa na maana mbili, ukachukua yako. Lakini kwenye kamati ulikaa kimya, bwana. Kimya hakina tafsiri."

Mpira ulipokwisha, alinisukumia rundo la koni kwa mguu. "Hizi bado unajua kuzikusanya?"

Tangu hapo kila Jumapili niko Gahanga. Kazi yangu ni koni, maji, na kusikiliza magoti ya watu. Kutafsiri sikuruhusiwa. Lakini wiki iliyopita mafua yalimkamata, sauti ikaenda, na zikiwa zimebaki dakika kumi, bila kwa bila, akanivuta mkono wa shati.

"Waambie wafunge," akanong'ona.

Nikainuka, nikajaza pumzi, nikakaa tena. "Mlango au bao, Mwalimu?"

Alinitazama, macho yakimtoka machozi, labda ya mafua.

"Aa," akasema. "Kumbe kuuliza unajua."