Gari Lililopimwa Likiwa Limesimama

Ukienda kushona kwa mdogo wangu Yoramu pale Ipuli, jiandae kukalishwa. Akishamaliza kukuzungushia futi kifuani, kiunoni na nyongani, anakuvutia kigoda na kukuambia, "Haya, mama, kaa." Unakaa, anakupima upya. Halafu anakuambia uiname kama unayefunga kiatu, anapima tena. Wanawake wa Cheyo wanalalamika kwamba anawachelewesha sokoni, lakini hawaendi kwa fundi mwingine, kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia gauni la Yoramu likipasuka mtu anapoketi kanisani. "Harusini watu hawasimami kutwa," ndivyo anavyojibu, sindano mdomoni.

Mimi ndiye dada yake mkubwa, Recheli. Nauza asali sokoni na subira sina, hilo lijulikane mapema. Siku aliponunua ile Altezza ya rangi ya fedha kwa Awadhi, jirani aliyekuwa anahama mji, sikumsemesha wiki nzima. Fundi cherehani na gari la mbio, wapi na wapi! Gari lenyewe liko chini hivi kwamba kushuka nahitaji watu wawili wa kunivuta. Mji mzima ukamwita Fundi Altezza, na yeye, badala ya kuona haya, akawa anaitika.

Lakini mtu huyu msimcheke sana. Mke wake, wifi yangu Sayi, alifia barabara ya Nzega. Gari alilopanda lilipinduka kabla ya kufika Puge, na Julieth, mtoto wao wa pekee, alikuwa hajaanza hata shule. Yoramu hakuoa tena. Alimlea mtoto yule huku cherehani ikilia kutwa, akamsuka nywele mwenyewe, vibaya sana, mpaka nilipomnyang'anya kitana. Na barabara ile hakuipita tena. Akialikwa Nzega, anaumwa kichwa. Akialikwa Igunga, ambako lazima upitie Nzega, anaumwa mwili mzima.

Sasa Mungu naye ana mambo yake. Julieth akapata mchumba, Samweli, mwalimu, kijana mwenye adabu sina neno naye, na kwao ni wapi? Nzega. Ndoa ikapangwa kufungwa kanisani kwao. Nikamwambia Yoramu tutakodi gari na dereva mzoefu. Akakataa katakata.

"Mwanangu hatapelekwa na mtu mwingine kwa njia ile," akasema. "Nitampeleka mimi mwenyewe, nimfikishe."

Niliogopa jamani. Mtu hajapita njia ile tangu azike, halafu siku ya kwanza kuipita anambeba bibi harusi! Sikulala vizuri tangu siku ile.

Wiki ya harusi yenyewe ndipo alipoanza habari za rimu. Nilimkuta kwa Eliya, anayeuza rimu zilizotumika karibu na stendi, wamechuchumaa mbele ya seti mbili zikiwa na matairi yake, wanazigeuzageuza kama watu wanaonunua kuku.

"Rimu zako za kiwandani zina upana wa inchi saba, ofseti hamsini," Eliya alikuwa anamweleza. "Ofseti ni hii namba iliyochongwa huku nyuma. Ikiwa kubwa, tairi linajificha ndani. Ikipungua, linatoka nje. Hizi hapa ni inchi nane, ofseti arobaini na tano. Zitatokeza kama kidole kimoja tu kuliko zako. Hizi nyingine ni inchi tisa, ofseti thelathini. Hizo zitatoka nje vidole vitatu."

"Nataka tisa," Yoramu akasema.

"Ningekuwa mimi ningechukua nane. Tisa, gari likiwa tupu, haina shida. Likishuka kwa mzigo, siahidi kitu."

"Mzigo gani? Nabeba bibi harusi na dada yangu. Watu wawili wembamba."

Eliya akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akatazama pembeni.

"Tazama rimu zako, Eliya," nikamwambia. Halafu nikamgeukia ndugu yangu na nikafoka kweli. "Wewe Yoramu! Umri huu bado unataka ubishoo? Unampeleka mtoto kanisani au unakwenda kupigwa picha? Watu wa Nzega watasema Julieth kaletwa na mhuni!"

Hakukasirika. Aliendelea kupangusa vumbi kwenye rimu kwa kitambaa alichotoka nacho dukani. "Dada," akasema polepole, "lile gari la Sayi lilikuwa na miguu ya karibukaribu. Mimi nataka langu litanue miguu. Nataka lisipinduke."

Nikatazama njia nikijifanya namtafuta mtu, maana machozi yalikuwa yameshafika. Kisha nikamwambia Eliya, "Mfungie tisa zake."

Basi gari likapandishwa jeki, nati zikafunguliwa, rimu zikafungwa. Yoramu alilipima kama anavyompima mteja. Akapitisha futi kati ya tairi na ukingo wa madigadi, akazungusha usukani kulia, akapima, akazungusha kushoto, akapima. Nafasi ilikuwepo. Akarudi Ipuli taratibu, na sitasema uongo, gari lilipendeza.

Jumamosi asubuhi tukawa tayari. Julieth alikataa katakata kuvalia Nzega. Alisema atatoka nyumbani kwa baba yake akiwa bibi harusi kamili, na akatoka, ndani ya gauni ambalo baba yake alilishona kwa miezi, akilifumua na kulirudia, na kumkalisha mtoto wa watu mpaka akachoka. Lilimbana kiunoni kama alivyotaka. Buti lilijaa pomoni: masanduku yake mawili, madumu yangu ya asali kwa wakwe, vyungu, vitenge, na mchele wa shangazi yetu, ambao hauachwi nyuma. Bado kupanda tu.

Hapo ndipo alipotokea Mfaume.

Mfaume ni Mzaramo, ana bucha mtaani kwetu, na mwili wake unaonyesha kwamba nyama haimalizwi na wateja peke yao. Ni mtani wetu. Mababu zetu walipobeba mizigo kwa miguu kwenda pwani ndiko walikoanza kutaniana na kina Mfaume, na mpaka leo hakuna harusi yetu wala msiba wetu atakaotuacha tuumalize kwa amani. Na mtani hakasirikiwi. Hiyo ndiyo taabu yake.

"Wapagazi!" akapaza sauti tangu kule njiani, ndugu zake wawili wa saizi yake wakimfuata. "Mnampeleka mke wangu wapi bila ruhusa?"

Kabla sijajibu, wote watatu walikuwa wameshajipakia kiti cha nyuma na kufunga milango. Gari likazama. Mfaume akatoa kichwa dirishani. "Hatushuki mpaka tupewe jogoo. Tena awe mwekundu."

"Mfaume, tumechelewa!" Nilikuwa nawaka. "Shuka kabla sijasahau kwamba wewe ni mtani!"

"Basi twendeni wote tukaoe."

Julieth alikuwa barazani, ameshika gauni kwa mikono miwili, anacheka hadi shela linatetemeka. Yoramu naye akacheka. "Ngoja niwazungushe hapo nje, dada," akasema. "Wakichoka kubanana watashuka wenyewe."

Akawasha, akaondoka taratibu. Pale getini kwetu pana kamfereji ka maji ya mvua, gari lazima liiname ndipo lipande barabarani. Likainama. Tukasikia mkwaruzo mkubwa, kama bati linavutwa kwenye sakafu, halafu ikaja harufu ya mpira ulioungua.

Yoramu alizima gari papo hapo. Wote wakashuka. Tulipochungulia tairi la nyuma la kushoto, tukaona mstari umechanwa ubavuni, mrefu, zinaonekana nyuzi za ndani. Madigadi yalikuwa yameshuka juu ya tairi na ukingo wake umekata mpira kama kisu.

"Tumekuharibia, fundi?" Mfaume akauliza. Mzaha ulikuwa umemtoka wote.

"Hamjaharibu kitu," Yoramu akasema. Aliingiza kidole kwenye ule mchaniko. Halafu akakaa chini, pale pale getini, na suti yake mpya. "Sikulikalisha, dada. Miaka yote hii nakalisha watu. Gari la kumbeba mwanangu nimelipima limesimama."

Nikayafikiria yale matuta ya barabarani pale Isikizya, na lile buti, na mimi mwenyewe na huo wembamba wangu, na Julieth ubavuni kwangu na shela lake. Nikasema "Yesu wangu" mara nyingi sana, mpaka Julieth akaja kunishika.

Eliya aliitwa kwa simu, akaja juu ya guta la matairi matatu na zile rimu za inchi nane. Aliinama, akaangalia tairi, akainuka.

"Fundi," akasema, "hili lisingefika Puge."

Hakumwambia mtu kwamba alishasema, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Zile nane zilipofungwa, Yoramu akasimama, akajifuta vumbi, akatoa futi mfukoni. Sauti yake ikawa ile ya dukani. "Haya. Dada, kaa hapo nyuma. Julieth, kaa kando yake. Mfaume, kaa mbele. Na ninyi wawili, jibaneni na dada."

"Wajibane wapi?" nikauliza.

"Kaa, mama."

Tukakaa. Akapima kila tairi sisi tukiwa ndani kama samaki wa kopo. Akazungusha usukani kulia hadi mwisho, akashuka, akapima. Kushoto vile vile. Akatuvusha mfereji mbele, akaturudisha nyuma, akatuvusha mshazari, mimi nimekumbatia chungu ambacho hakikuwa na pa kukaa. Samweli akapiga simu kuuliza tumefika wapi, nikamjibu tuko getini, tunapimwa. Mara zote kimya. Hakuna kilichokwaruza. Yoramu akaingiza kidole kati ya tairi na madigadi, kikapita, na nafasi ikabaki.

Nilishusha pumzi ambayo nadhani ilisikika hadi Kitete. Nikaenda bandani mwenyewe, nikakamata jogoo mwekundu, nikamkabidhi Mfaume kwa mikono miwili. "Wabeja, mtani," nikamwambia, ndiyo asante ya kwetu. "Wabeja sana." Sikuwa nimewahi kumshukuru Mzaramo maishani mwangu.

"Na mimi sishuki," Mfaume akasema, akampa ndugu yake jogoo na kukaza mkanda kiti cha mbele. "Gari limeshazoea uzito wangu."

Ndivyo tulivyoondoka, wanne. Yoramu aliendesha kwa upole hadi baiskeli zikatupita tulipotoka mjini. Kwenye matuta ya Isikizya nilifumba macho nikasikiliza kwa mwili mzima. Kimya. Nikafumbua, nikaanza hata kuona njaa. Lakini tulivyokaribia Puge, nikaona shingo ya mdogo wangu imekakamaa, na mikono imeubana usukani. Mfaume alikuwa anasimulia kitu kuhusu ng'ombe, akakiacha katikati.

"Baba, ni hapa?" Julieth akauliza.

"Mbele kidogo. Pale penye kalavati."

"Simama."

"Gauni lako!" nikasema. "Vumbi lote hili!"

Julieth akashuka, akanivuta khanga begani, akaitandika kwenye majani ya kando ya barabara, akakaa. Alikaa chini kabisa, amekunja miguu, na lile gauni lilivyombana nilisubiri nisikie mshono ukilia. Haukulia. Lilimwachia, likamzunguka vizuri kama vile lilishonwa kwa ajili ya kukaa pale.

Akaweka kiganja juu ya ardhi. "Mama," akasema, "naolewa leo. Baba kanileta mwenyewe."

Yoramu alikuwa amesimama kando ya mlango, ameushikilia. Kisha akauacha, akaja, akakaa karibu na mwanawe. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa Julieth, akalia. Nami nikalia, kwa sauti, kama ninavyofanya mambo yangu yote.

Mfaume akakohoa. "Wapagazi," akasema, "mizigo hushushwa mwisho wa safari. Inukeni, huko wali unapoa."

Yoramu akacheka. Machozi yanatiririka na anacheka, akampa binti yake mkono, akamwinua, akampangusa vumbi mgongoni kwa kiganja. Kila mtu akarudi mahali pake. Akawasha gari, akanitazama kwenye kioo.

"Umekaa, dada?"

"Nimekaa, twende."

Tukavuka kalavati polepole, wote wanne, na tairi halikugusa kitu.