Mbegu Hii Imetoka Shamba Gani

Mwaka 1967, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa na shida ikaanza. Nilitolewa darasa la pili, nikapelekwa Dirma kuchunga ng'ombe wa watu. Mshahara wangu ulikuwa maziwa na mahali pa kulala, na baada ya miaka mingi nikapewa mtamba mmoja. Huyo mtamba ndiye aliyenirudisha nyumbani Endagikot na kunianzishia maisha.

Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani anasoma maneno ya msomi. Kwenye simu yangu naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, na sijawahi kumpa mtu aniandikie. Ninachokijua vizuri ni kitunguu saumu. Hapo sina unyenyekevu na sitaki kuutafuta.

Nilikijua kwa kuumia. Mwaka wangu wa pili wa kulima nilinunua mbegu kwa mtu mzima, mwenye heshima kanisani. Nilitaka kumwuliza mbegu imetoka shamba gani, nikaona aibu, maana ingekuwa kama namwita mwongo. Nikapanda. Majani yakageuka njano kabla ya wakati. Ukivuta, kichwa kinatoka kimeoza, na kitakoni kuna ukungu mweupe wenye punje nyeusi ndogo kama mbegu za mchicha. Ugonjwa ule ukiingia kwenye udongo hautoki. Kipande kile mpaka leo ni cha mahindi. Tangu hapo ninauliza, hata anayeuza akiwa mchungaji.

Sasa tuna grupu la wakulima kwenye simu. Mkubwa wa grupu ni kijana wa hapa hapa, amemaliza chuo kikuu akarudi kulima na kuuza mbegu, na nilimsifu kwa hilo mbele ya watu. Siku moja asubuhi aliweka picha ya mbegu nyeupe, kubwa, nzuri. Shemeji yangu, mjane wa rafiki yangu, akaandika kwamba atachukua ya shamba lake lote. Shamba analo moja tu, mteremkoni chini ya nyumba. Likioza, hana lingine.

Nikauliza mbegu imetoka shamba gani. Kijana akataja bonde moja ninalolijua, na mwenye shamba.

Nikaandika: "Huyo mtu shamba lake lina ugonjwa. Msinunue."

"Shikamoo mzee wangu," akajibu. "Hapo unamshambulia mtu badala ya hoja. Hiyo inaitwa falasi."

"Nimelima saumu zaidi ya miaka thelathini."

"Falasi ya pili. Umri siyo ushahidi."

"Kichwa kimoja kibovu kinamaliza shamba zima!"

"Ya tatu, mzee. Unatoka kichwa kimoja unaruka mpaka shamba zima. Unatisha watu."

Vidole gumba vya kumpongeza vikamiminika. Mmoja akaandika, "Tatu bila! Mzee kafungwa nyumbani kwake!" Wakacheka. Hasira zikanipanda, nikaandika kwamba chuo kimempa suruali ya kubana tu.

"Ya nne hiyo," akasema.

Kucheka kwao hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni ujumbe wa shemeji uliofuata: "Basi mimi niletee leo. Ng'ombe wa kulima nimeazima, wanakuja kesho asubuhi."

Nikampigia binti yangu wa mwisho, ambaye ni mwalimu. Nikamwuliza falasi ni mnyama gani.

"Ni kosa la kufikiri, baba. Mtu anadhani ametoa sababu, kumbe hajatoa. Hebu nisomee."

Nikamsomea yote, pamoja na ya suruali.

"Ya suruali ni falasi kweli, baba. Suruali yake haihusiani na mbegu."

"Na shamba la yule mtu?"

"Mkizungumza mbegu, shamba ilikotoka ndiyo hoja yenyewe. Hukumtukana mtu hapo. Na ugonjwa kama unaenea kweli, kusema unaenea siyo kosa."

"Na miaka yangu?"

"Miaka peke yake haitoshi, baba. Hawajaona ulichokiona. Nenda ukawaonyeshe."

Nilikata simu nikiwaza. Zamani nilifungwa mdomo na adabu, sasa nafungwa na falasi, na mbegu mbovu inapita palepale. Nikachukua kisu changu nikashuka kwa shemeji.

Nilikuta gunia limeshafika. Kijana alilileta kwa pikipiki, alikuwa uani anakunywa chai. Aliponiona alisimama, akaweka kikombe chini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ile ya suruali nilikosea. Nisamehe."

Akacheka, akaikunja miguu kidogo kama anaificha. "Yameisha, babu."

"Haya, fungua gunia."

Nikatoa kichwa cha kwanza, nikamenya ganda la kitakoni. Safi. Cha pili safi. Cha tatu, cha nne.

"Unaona?" akasema kijana.

"Shemeji, utanimalizia mbegu," akasema yule mjane.

Nikaendelea. Cha saba kilikuwa na ukungu chini ya ganda, na zile punje. Nikazikung'utia kwenye kiganja cha shemeji.

"Hizo ni udongo," akasema kijana.

"Shemeji, tema mate, sugua."

Akatema, akasugua. Udongo ungegeuka tope. Punje zilibaki ngumu, zinaviringika kiganjani. Akamnyooshea kijana mkono wake, naye akazigusa punje kwa kidole. Akatoa simu. Nilidhani anatafuta ya tano. Akapiga picha ya kile kiganja, akaandika kwenye grupu: "Mbegu ya bondeni nimeisimamisha. Aliyechukua asipande, anirudishie. Babu alikuwa sahihi." Mtu anayeweza kuandika hivyo mbele ya waliokuwa wanampongeza ni mwanaume. Nilimwambia hivyo.

"Na ng'ombe wa kesho?" akauliza shemeji.

"Waje."

Nikapanda pikipiki nyuma ya kijana, tukaleta gunia la mbegu yangu. Shemeji alilifungua papo hapo. Akachukua kisu changu mkononi mwangu, akamenya kitako cha kwanza, akatazama, akamenya cha pili, mpaka cha kumi. Hakuniamini hata kidogo. Katika maisha yangu sijaheshimiwa hivyo.

Leo hii ninavyo hivi: nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati. Eka tano. Ng'ombe kumi na mmoja, mmoja wao wa maziwa. Jozi ya maksai na jembe lao. Ghala la kukaushia saumu nililolijenga kwa mikono yangu. Watoto sita, wote wanajua kusoma. Simu moja, kioo kimepasuka. Magunia matano ya mbegu, na la sita liko ardhini kwa shemeji, limeshachipua.