Mkono wa Kinyozi na Maua ya Nyanya

Kwa miaka ishirini na saba kinyozi alikuwa na duka la viti viwili chini ya nyumba ya ghorofa tatu, na juu ya nyumba hiyo hiyo, kwenye paa la zege, alikuwa na bustani. Aliyemtaka alfajiri alipanda ngazi. Aliyemtaka mchana alishuka. Katikati ndipo alipoishi na mkewe, ambaye alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye ameolewa na lifti.

Bustani yenyewe ilikuwa ndoo kumi na tisa za rangi, mabeseni mawili yaliyopasuka na sinki kuukuu aliloliokota palipobomolewa nyumba. Humo alipanda bilinganya, pilipili hoho, mnanaa, na nyanya kuliko vyote. Nywele zilizofagiliwa dukani alizifukia kwenye udongo ziwe mbolea. Wateja walilijua hilo, na mzee mmoja mwenye upara hakuacha kulalamika kwamba nywele zake za mwisho zililiwa na bilinganya.

Kila Jumapili asubuhi wakulima watatu wa mtaa ule walitembeleana kwa zamu kukaguana. Wa kwanza alikuwa kinyozi. Wa pili alikuwa mkunga, mama wa makamo aliyelima ua wa nyuma ya nyumba yake kwa usafi ule ule wa wodi ya wazazi. Wa tatu alikuwa dereva mstaafu wa malori, aliyeitwa Breki kwa sababu akianza kuongea hakuwa nazo. Mazungumzo yao hayakuwa na mwisho. Mkunga aliamini majivu ndiyo dawa ya wadudu, Breki aliamini maji ya sabuni, naye kinyozi alimwamini aliyesema mwisho.

Mwaka ule nyanya zake zilistawi, zikachanua, kisha maua yakaanza kudondoka. Kila asubuhi aliyakuta chini ya ndoo, makavu, bila hata nyanya moja iliyoshika. Yeye aliumia kuliko ilivyostahili, kwa sababu alikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka.

Ulianza na kijiko cha sukari, ukahamia kwenye ufunguo, mwisho ukafika kwenye wembe. Mashine ya kunyolea ilimsitiri, kwa kuwa nayo hutetemeka. Lakini mteja akiomba ndevu zinyolewe kwa wembe, kinyozi alikumbuka ghafla kwamba ameacha bomba wazi kule juu, akapanda ngazi mbio, na shemeji yake, mdogo wa mkewe aliyeshika kiti cha pili, akaimalizia kazi. Miezi ikapita hivyo. Shemeji akawa anajiuliza ni bustani gani hiyo inayokunywa mto mzima.

Jumapili ya zamu yake wenzake walipanda kukagua. Breki alitangulia kutoa hukumu: udongo umechoka, unataka samadi ya mbuzi, na samadi anayo yeye. Kisha akaona kwamba nyanya zote zimefunikwa chandarua kuukuu, akauliza kama zinaogopa malaria. Kinyozi alieleza kwamba ni kwa ajili ya ndege, mwaka uliopita walimtobolea tunda hadi tunda. Breki akasimulia ndege aliowahi kuwaona safarini, mmoja baada ya mwingine, hata koo likamkauka, akashuka kumwomba mke wa kinyozi chai.

Mkunga alibaki, akainama. Aliinua chandarua, akachungulia ndani ya ua moja la nyanya kama anavyochungulia masikio ya mtoto mchanga.

"Kaka," alisema, "ua hili halina ugonjwa. Dume na jike wamo humu humu, nyumba moja. Linakosa mtu wa kulitikisa tu, unga wa dume umdondokee jike. Juu huku upepo unakatwa na ule ukuta, na nyuki umewafungia nje."

Akamwagiza awe anafungua chandarua kila asubuhi mpaka nyuki wazoee njia, na kwa leo atikise mwenyewe, polepole. Kinyozi akamwambia atikise yeye.

"Mti wako, mkono wako," mkunga alijibu, akakinga kiganja chake chini ya ua.

Hapakuwa na bomba la kusingizia. Kinyozi alishika kikonyo cha ua kwa vidole viwili, na mkono ukafanya ulichokuwa ukifanya miezi yote ile. Ua lilitikisika sawasawa, wala si kwa nguvu, na vumbi la manjano likamwagika kiganjani mwa mkunga. Mkunga aliliangalia vumbi. Kisha akauangalia mkono, na hakuondoa macho.

"Tangu lini?"

"Uchovu tu, dada."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza tangu lini."

Kinyozi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema yote. Alisema kuhusu wembe, na kuhusu mteja aliyemkwaruza chini ya sikio akasingizia kwamba wembe ni mpya. Alisema baba yake alimaliza uzee wake akishika kikombe kwa mikono miwili, naye aliiogopa mikono ile, kumbe alikuwa akiiogopa yake mwenyewe. Kinyozi asiyeshika wembe ni nani, aliuliza.

Mkunga hakumbembeleza sana. Kazini kwake amezoea watu wenye hofu. Alimwambia Jumanne watakwenda wote hospitali, na kabla ya Jumanne amwambie mkewe. Kisha akamwonyesha ndoo zilizobaki. "Haya, umeanza vizuri. Endelea."

Akaendelea. Alipofika ndoo ya tatu walikuwa wanacheka wote wawili, maana mkono ule ulifanya kazi kuliko nyuki wa kuajiriwa. Breki aliporudi na birika akauliza amepitwa na nini. Hakuna aliyemwambia, na hilo lilimkosesha raha mpaka jioni.

Mkewe alikuwa anakunja nguo alipomweleza. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Kikombe chako kinagonga kisahani kila asubuhi, mwaka mzima sasa," alisema. "Ulidhani umeoa kiziwi?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Nami nimechoka kungoja."

Kisha aliweka shati kando, akauchukua ule mkono akaulaza mapajani mwake, akauacha utetemeke utakavyo.

Daktari alimchoresha duara karatasini, akamtembeza ukumbini, akamuuliza habari za baba. Mwisho akasema ni mtetemeko wa kurithi, hauui mtu. Apunguze kahawa, ameze kidonge kila asubuhi, utapungua ingawa hautakwisha. Kinyozi alitoka akiwa mwepesi kama aliyenyolewa nywele za mwaka mzima.

Kazi ngumu ilikuwa kumkabidhi shemeji wembe. Usiku kucha alikuwa ametunga hotuba. Alipofika katikati yake shemeji akamkatiza kwa heshima zote: "Shemeji, kwa hiyo lile bomba la juu sasa tunaweza kulifunga?" Hotuba ikaishia hapo. Wateja wawili walihamia kwingine. Waliobaki walikuwa wakifuata maongezi zaidi ya ndevu, na maongezi hayatetemeki.

Baada ya wiki mbili nyanya zilishika, ndogo na za kijani, shada hadi shada. Breki alisema ni harufu tu ya samadi yake iliyopanda ngazi. Mkunga alisema ni nyuki, kwa kuwa walikwishaijua njia. Waligombana Jumapili tatu, na kinyozi, kama kawaida, alimwamini aliyesema mwisho.

Jumapili ya nne mkewe alipanda paani kwa mara ya kwanza tangu bustani ianze, amebeba pakiti ya mbegu za maua. Aliwasalimia wageni, akauliza ni pembe gani inayopata jua la asubuhi. Kinyozi alimweleza kwamba pembe hiyo ina pilipili hoho, tena zimezoea.

"Zitazoea na kule," mkewe alisema, akaanza kusogeza ndoo.