Mabanzi Ndani ya Kabati la Kioo

Hasira za Mama Turubai hazikuanza siku aliyovunja kioo. Zilikuwa na umri wa miaka sita, na zilianzia kwenye mguu wa mumewe.

Mume huyo alivunjika mguu machimboni, wanakochonga mawe ya kujengea. Wenzake, kwa nia njema kabisa, walimpakia nyuma ya lori bila kuufunga mguu chochote. Njia ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo mfupa unachoma nyama. Walipofika hospitali mfupa ulishatokeza nje, na wiki ya tatu mguu ukakatwa chini ya goti.

"Ungefungwa vizuri palepale alipoangukia," daktari alisema, "huyu angetembea." Akaenda zake. Mama Turubai akabaki na maneno hayo kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Yeye ni fundi wa kushona maturubai na viti vya magari. Darasani hakukaa sana, lakini mikono yake ina akili. Akaamua kutengeneza banzi, kitu cha kushikilia mguu uliovunjika usicheze. Aliokota madumu ya mafuta, akayakata vipande virefu, kila kipande akakiachia mpindo wa ubavu wa dumu, maana plastiki bapa hulegea, iliyopinda husimama. Akavishonea ndani ya turubai, kuanzia pajani hadi kupita kisigino. Vya kufungia vikawa vipande vya mpira wa tairi. Akamjaribishia mumewe kwenye mguu mzima.

"Mke wangu, na huu unautaka?" mume akauliza baada ya nusu saa. "Vidole vimekufa ganzi."

Akafungua mbio mbio, jasho likimtoka. Ikiwa mguu mzima umebanwa hivi, utakuwaje uliovimba? Mpira akautupa, akaweka mikanda ya viti vya magari isiyovutika: miwili juu ya palipovunjika, miwili chini, na hakuna wa kupita juu ya jeraha lenyewe. Mbele akaacha wazi, vidole vikae nje, mtu aviguse, abonyeze ukucha aone damu inarudi.

Muuguzi wa zahanati aliligeuza banzi huku na huku. "Mama, hili lilitakiwa lining'inie kila mahali watu wanapovunjikia."

Akashona matatu, akayapeleka machimboni, kwa kuwa binti yake mkubwa alikuwa ameanza kazi kulekule. Alimlilia asiende, akaenda. Msimamizi aliyapokea mabanzi kwa mikono miwili, na usiku ule mama akalala usingizi.

Miezi minne baadaye aliitwa kushona kiti cha lori la machimbo. Alikuwa amejikunja ndani, misumari mdomoni, aliposikia yowe. Jiwe lilikuwa limeviringika, limempiga Mlingoti, mchongaji mrefu kuliko wote, kwenye ugoko, mguu ukavunjika. Mama Turubai alitema misumari akamtafuta mwanawe kwa macho. Alipomwona amesimama alishukuru, halafu akaona haya kwa kushukuru.

"Mabanzi yako wapi?"

"Ofisini, mama," binti akajibu bila kumtazama usoni.

Kweli yalikuwepo. Yamepangwa ndani ya kabati la kioo kama vikombe vya ushindi, safi, mikanda imekunjwa, kufuli juu yake. Karani alisimama mbele ya kabati.

"Ufunguo anao msimamizi, kaenda mjini. Hataki yachafuke. Wakaguzi wakija ndiyo tunawaonyesha."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoyaleta."

"Kwa hiyo anayevunjika awe mkaguzi kwanza?"

"Mama yangu, mimi nimeajiriwa tu. Ngoja nimpigie simu."

"Mpigie. Mimi nampigia aliyeumia." Akainua nyundo yake ya misumari, kioo kikamwagika chini.

Walimfunga Mlingoti palepale kwenye vumbi. Binti alishika kisigino, mama akakaza mikanda, mmoja mmoja, akibonyeza ukucha kila mara. Mlingoti aliwatukana wote wawili kwa sauti kubwa.

"Tukana, mwanangu," alimwambia. "Anayetukana anapumua."

Gari lilipoondoka naye, msimamizi akawa anaingia. Akaangalia chini.

"Nani kavunja kioo?"

Mama Turubai akamsogelea. "Umekutana na gari njiani, baba. Hukuuliza ndani yuko nani. Unauliza kioo?"

"Kuna utaratibu hapa..."

"Mume wangu ana mguu mmoja kwa kuwa utaratibu wenu haukuwa na banzi! Mwanangu anashinda chini ya mawe yako, nami nalala nikidhani banzi liko karibu naye, kumbe umelifungia likapendeze wageni!"

Binti yake alikuwa ameshayachukua mabanzi mawili yaliyobaki. Akaomba nyundo ya mama, akapiga misumari kwenye nguzo ya kibanda cha maji, usawa wa mkono wa mtu yeyote, akayaning'iniza. Wachongaji wakasogea wakasimama mbele ya nguzo.

"Yatajaa vumbi," msimamizi akasema, sauti imepungua.

"Vumbi hufutwa," mama akajibu. "Wakaguzi wako walete hapa."

Alipofika nyumbani alimsimulia mumewe yote, kioo, kufuli na matusi. Mume alimsikiliza akiwa ameweka gongo magotini. Hakuuliza habari za kioo.

"Vidole vyake?" aliuliza.

"Vilikuwa vya moto," akasema. "Mpaka gari linaondoka, vilikuwa vya moto."