Siku Binamu Watano Walipochechemea

Nilichechemea hadi miaka thelathini na moja, nikiitwa mvivu. Mwishowe daktari mmoja wa mifupa hapo Thika aliitazama picha ya mguu wangu wa kulia, akaniambia mifupa miwili ya karibu na kisigino ilishikana tangu tumboni mwa mama. Angekikata kile kidaraja cha mfupa, kisha azibe pengo kwa mafuta kutoka makalioni mwangu, ili isishikane tena. Nikamwambia achukue ya kutosha, yapo.

Mchumba wangu, fundi wa mabomba kutoka Ruiru, ndiye aliyenifundisha kutembea upya. Kila jioni uani alirudi kinyumenyume mbele yangu akisema, "Kisigino kwanza. Pole pole, hakuna mtu anakufukuza." Wakati mwingine nilimchukia kabisa.

Ikafika ruracio yetu, sherehe ya mahari. Kwetu, bwana harusi huletewa wasichana waliofunikwa leso toka kichwani hadi miguuni, amtambue wake. Akikosea, atachekwa mpaka na wajukuu. Shangazi zangu wa Gatuanyaga hawakuwa wameniona tangu kabla ya upasuaji.

"Huyo kijana atakujua na mguu," mkubwa wao, tuliyemwita tata mkubwa, akasema. "Na sisi si wajinga."

Asubuhi nzima, nyuma ya zizi, waliwafundisha binamu zangu watano kuchechemea. Walichechemea vizuri kuliko mimi enzi zangu.

"Lakini tata, mimi siku hizi..."

"Wewe nyamaza. Tembea tu vile unatembeanga."

Basi nikatembea vile ninavyotembea. Wageni waliona wanawake sita, watano wakiyumba, na upande wa Ruiru mama mmoja akauliza kwa sauti kama huo ugonjwa ni wa ukoo mzima.

Chini ya leso sikucheka. Niliogopa. Alinipenda na mguu mbovu miaka miwili. Je, kama alichojua ni ule mguu tu? Nilimsikia akipita wa kwanza, wa pili, akisita kwa wa tatu.

Kisha viatu vyake vikasimama mbele yangu. Tata mkubwa akaguna kama aliyeibiwa kuku. Mchumba wangu hakuigusa leso. Alirudi nyuma hatua moja, kinyumenyume, akangoja.

"Kisigino kwanza," akasema.

Nikatanguliza kisigino, huku nikilia.